Bwana Kreni Kagonga Meza

4 Februari

Mpwa wangu Kidomo,

Bahati imenishika mimi kama kupe. Nikitaka kuibandua, haibanduki. Juzi niliketi meza moja ya poka na watu wazito watatu, mmoja ana viwanda, mmoja ana meli, wa tatu hata hasemi ana nini, na nikawanyoa wote bila maji. Nilikuwa na ree mbili mkononi, na ya tatu ikaja yenyewe mezani kwa madaha kama bibi harusi. Mwenye viwanda alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaangalia tena. Ree zilikuwa bado pale. Siku hizi nikiingia klabuni mlinzi ananifungulia mlango kwa mikono miwili.

Basi niache yangu, nije kwako. Dada yangu, yaani mama yako, ameniambia umepata kazi hospitali, kuwafundisha kusema tena watu walioibiwa sauti na maradhi. Nilicheka mpaka nikapaliwa. Wewe, tuliyekuwa tunakuhonga peremende ili unyamaze, leo unalipwa kufumbua midomo ya wenzako. Nimejivuna hapa kazini mpaka wamenikimbia.

Mimi, unajua, shule niliiacha mapema, ilipoanza kuchanganya herufi na hesabu. Lakini dunia nimeila na mbegu zake. Ukiwa na swali la kitabu, muulize mwalimu wako. Ukiwa na swali la dunia, niandikie.

Mjomba wako,
Mfalme wa Kopa
(jina nimepewa mezani, sikujipa)


12 Februari

Shikamoo Mjomba,

Barua yako niliisomea kwenye chumba cha chai, na wauguzi wakaniomba nirudie pale pa yule mwenye viwanda. Sasa nimepata swali la dunia, tena la haraka. Naandika kwa sababu simu yako, kama kawaida, inaita mpaka inachoka.

Wodini kwetu kuna mzee aliyekuwa dereva wa kreni mpaka alipostaafu. Tunamwita Bwana Kreni, na jina amelipenda. Kiharusi kimempiga upande wa kulia na kumfutia maneno yake karibu yote. Akili iko timamu. Anajua nani amekuja na nani hajaja, na ukimvalisha fulana kinyume anakukodolea macho mpaka uone haya. Ila akifungua mdomo, maneno yanayotoka ni machache, na si ya wodini. Chakula kikija anasema, "Gawa." Muuguzi wa sindano akitokea, "Natupa." Uji ukiwa mtamu, "Ongeza." Hutokea hivyo, Mjomba: maneno ambayo mtu ameyasema kwa mazoea miaka na miaka huwa kama yamewekwa kwenye kabati la peke yake, na kiharusi hakikufungua kabati hilo.

Binti yake anafanya kazi duka la miwani. Ndiye aliyenieleza kwamba baba yake na wenzake walikuwa wakicheza poka kila mapumziko, chini ya kreni, kwa nati za chuma. Hela hawakugusa.

Sasa jambo lenyewe. Mguu wake wa kulia una kidonda cha sukari, vidole vimekwisha kuoza. Daktari mpasuaji anataka kuukata chini ya goti. Usipokatwa, sumu itapanda na tutampoteza. Lakini mzee ana akili zake, kwa hiyo hatuwezi kumkata mpaka akubali mwenyewe, na binti amekataa kumjibia. Daktari akimuuliza habari ya mguu, Bwana Kreni hasemi lolote kati ya yale maneno yake. Anakunja vidole vya mkono wa kushoto, anagonga kimeza cha kitandani, ko, ko, kisha anamtazama daktari usoni na kungoja. Muuguzi mkuu anasema ni hasira. Binti anasema ni ndiyo. Mimi nadhani ni poka.

Nifundishe maneno ya poka kama unavyomfundisha mtu asiyejua karata ni nini. Na uniambie, kugonga meza ni nini?

Mpwa wako,
Kidomo


18 Februari

Kidomo wangu,

Umefika penyewe. Weka chai mbali na karatasi, tuanze.

Kabla ya lolote kila mtu anatia kitu kidogo katikati. Hicho ni kiingilio. Kwa Bwana Kreni kitakuwa nati moja. Lile rundo la katikati tunaliita chungu, maana tunapika humo wote na anakula mmoja. Halafu mgawaji anagawa: karata mbili kwako, mbili kwangu, kifudifudi, hakuna kuchungulia za jirani. Baadaye zinafunuliwa tano mezani, kwanza tatu kwa pamoja, kisha moja, kisha moja. Hizo ni za wote. Unachanganya za mezani na zako za siri upate tano bora. Mbili za namna moja ni jozi. Tatu za namna moja tunaziita tatu, hatukuhangaika kutafuta jina. Zikifuatana kama ngazi ni mfululizo. Zikiwa zote kopa, au zote shupaza, ni ua moja, na hapo unaanza kupumua kwa pua tu ili mtu asikusikie.

Sasa utamu. Karata zikishafunuliwa, watu wanaweka dau. Anayeweka dau anasema, mimi karata zangu ni nzuri, nani abishe. Wewe uliyeletewa dau una njia tatu. Unafuata: unatia sawa na alichotia, mnaendelea. Unaongeza: unatia sawa na chake na kingine juu yake, jasho linahamia kwake. Au unatupa: unasukuma karata pembeni, ulichokwisha kutia chunguni kimeliwa, unabaki kutazama wenzako. Kutupa si aibu. Hata mimi niliwahi kutupa, zamani hivi, nilikuwa na mafua.

Ukisikia mtu anasema "zote", anasukuma kila alichonacho chunguni. Huyo ama ana karata kali ama ana mke mvumilivu. Na kuna kutisha. Huna jozi, huna ngazi, huna hata matumaini, lakini unaweka dau nene kwa uso mkavu mpaka mwenye karata nzuri anaogopa na kuzitupa. Hapo ndipo hawaniwezi. Uso wangu mimi ni ukuta uliopigwa lipu.

Kwa hiyo mzee wako yuko sawasawa. Sindano anaitupa, uji anauongeza, hapo hata mtoto angeelewa.

Ama kugonga meza, hilo nakujibu bila kupepesa. Naliona siku nenda siku rudi. Mtu anagonga meza kwa vidole, ko, ko, anaonyesha viganja kwamba ni vitupu, anainuka, anaondoka. Ni kuaga. Maana yake, mimi nimemaliza, endeleeni. Mzee wako anawaaga, mpwa wangu. Anasema mumwache aende na mguu wake. Inaniuma kukuandikia hivi, lakini umemuuliza bingwa.

Mjomba wako,
Mfalme wa Kopa


25 Februari

Shikamoo Mjomba,

Nilikwenda kwenye mkutano wa wodi na maneno yako. Pale pa mafua nilipapita. Nilisema tu kwamba mchezaji mzoefu amenieleza kuwa kugonga meza ni kuaga. Tukamwendea mzee sote, daktari akamuuliza tena, mzee akagonga. Daktari akaandika kwamba mgonjwa amekataa. Alisema ni haki yake, kwa sauti ya mtu ambaye angependa kubishiwa, na hakuna aliyembishia.

Kwa hiyo sasa ni dawa za maumivu tu. Binti anatayarisha chumba cha mbele nyumbani kwao. Aliniuliza kama kitanda kikae karibu na dirisha au mbali na upepo, na kabla sijajibu akaenda kusimama kwenye korido na uso wake ukutani.

Niliona mzee angalau acheze wakati anangoja kuruhusiwa. Karata nilinunua, na fundi wa matengenezo hapa hospitali alinijazia nati kwenye kopo la maziwa. Bwana Kreni alipoona nati alicheka kwa ule upande wa uso unaocheka. Akaitazama moja moja, akakataa zenye kutu.

Na hapa ndipo kichwa kinaniwasha. Nilitia kiingilio, naye akatia. Karata tatu zikafunuliwa. Akagonga meza. Nikajua ameaga, nikanyoosha mkono kuchukua chungu. Akanipiga kofi la mkono, Mjomba, kofi la kweli kama la bibi jikoni. Karata zake alikuwa bado amezishika. Tukaendelea. Karata ya nne, akagonga tena. Ya tano, nikaweka dau, akasema, "Ongeza," akasukuma nati, akafunua malkia wawili na kula kila kitu.

Mtu aliyeaga anakulaje? Kuna kitu hukunieleza, au mimi sikuelewa? Nijibu upesi. Chumba cha mbele kinakaribia kuwa tayari.

Mpwa wako,
Kidomo


1 Machi

Mpwa wangu,

Huku kazi zimenibana, mambo ni mengi na mikono ni ile ile miwili. Vumbi nalo mwaka huu limekuja kabla ya wakati wake, kila kitu kinataka kupigwa brashi.

Swali lako kwa mtu kama mimi ni dogo mno, ndiyo maana linanipa taabu kulijibu. Kila meza ina tabia zake. Wacheza nati ni watu wa vurugu tangu zamani. Labda kiharusi kimemchanganyia mchezo. Labda anakuibia, maana aliyezoea kunyanyua makontena hashindwi kunyanyua chungu. Usimwamini kwa sababu ni mgonjwa. Nimewahi kuona mtu mwenye kikohozi akifagia meza nzima.

Nitaliwazia. Kula vizuri, na salamu kwa dada yangu.

Mjomba wako,
Mfalme wa Kopa


5 Machi

Shikamoo Mjomba,

Nimekuomba jibu, umeniletea vumbi.

Basi nimeanza kumchunguza mwenyewe. Tumecheza kila siku baada ya mazoezi ya kutamka, na yule muuguzi wa sindano amejiunga nasi. Nimeona hivi. Kama hakuna aliyeweka dau, Bwana Kreni hugonga meza anapotaka, na karata zake hazitoki mkononi. Lakini nikitangulia mimi kuweka, hata nati moja, hagongi. Nilimjaribu makusudi tena na tena. Nikiweka, anasema "Nafuata", au "Ongeza", au "Natupa". Leo muuguzi aliletewa dau, akajifanya mjanja, akagonga meza kama anavyoona mzee akifanya. Mzee alitikisa kichwa, akamshika kidole kilichogonga, akakielekeza kwenye nati zangu, kisha kwenye nati za muuguzi. Alikuwa anamfundisha. Nilikaa pale nikitazama mtu asiye na maneno akimweleza mwenzake kanuni, tena kwa subira kuliko yangu mimi ninayelipwa.

Swali langu ni hili. Je, kuna kanuni kwamba kugonga kunaruhusiwa tu wakati hakuna dau mezani? Kama ipo, mzee hakutuaga. Alikuwa anatuambia kitu kingine kabisa, na mimi ndiye niliyewapelekea wenzangu maana ya uongo.

Kidonda kimepita kifundo cha mguu. Nimemfuata daktari ofisini kwake nikamwambia huenda nilimpotosha. Aliweka kalamu chini akaniuliza huyo mchezaji mzoefu ni nani. Nikasema ni mjomba wangu. Akaniuliza, "Unamwamini?" Nikasema namwamini. Amenipa mpaka Jumatatu. Baada ya hapo, alisema, hata mzee akikubali, kisu kitakuwa kimechelewa.

Barua hii nampa dereva wa basi la asubuhi akufikishie mkononi. Anasema klabu yenu anaijua. Ndiyo au hapana, Mjomba. Mengine niandikie siku nyingine.

Mpwa wako,
Kidomo


7 Machi

Kidomo,

Ndiyo.

Kanuni ipo. Dereva wa basi alinikuta pale nilipokuwa, nikasoma nimesimama, nikaenda moja kwa moja kwa mgawaji mkuu wa hapa. Ni mama mmoja mpole anayegawa karata tangu kabla hujazaliwa, na vidole vyake vinajua mengi kuliko vichwa vya wateja. Nilimsomea barua yako neno kwa neno. Akaketi. Hajawahi kuketi mbele yangu.

Anasema hivi, nami nakuandikia kama alivyosema. Kugonga si kuaga na si kutupa. Kama hakuna dau mbele yako, hulazimiki kutia kitu. Unagonga meza, maana yake, mimi sitii kwa sasa, lakini nimo, karata zangu ninazo, nangoja nione wewe utafanya nini. Mwenzako akishaweka dau, ruhusa ya kugonga imekwisha. Hapo ni kufuata, kuongeza au kutupa, la nne hakuna.

Kule kugonga ninakokuona mimi ni kwa wagawaji. Zamu yao ikiisha wanagonga meza, wanaonyesha viganja kwamba hawakuficha karata, wanaondoka. Nilichanganya. Utaniuliza bingwa anachanganyaje. Ni kwamba mimi sigongi kamwe. Mtu mwenye bahati kama yangu huweka dau tu, kugonga ni kwa wenye mashaka.

Mama huyo alinishika mkono nilipokuwa naondoka. Akasema, "Mwambie mpwa wako, aliyegonga anangoja dau. Hao madaktari walimwekea nini mezani?"

Nenda ukaulize hilo. Dereva anarudi sasa hivi, nampa barua hii bila hata kuikunja vizuri.

Mjomba wako


13 Machi

Shikamoo Mjomba,

Siku ile dereva alinitania kwamba alikukuta nyuma ya jengo, na mikono yako inanukia sabuni. Nikamwambia bingwa naye hufua. Sasa kaa nikueleze.

Nilimfikishia daktari swali la yule mama wa karata. Akaanza kucheka, kicheko kibaya cha mtu anayejicheka. Tulikumbuka jinsi tulivyokuwa tukimuuliza mzee. "Mzee, unaonaje habari ya huu mguu?" Kila mara hivyo. Hatukuwa tumeweka kitu. Hatukumwambia tunakata wapi, atabaki na nini, atarudi wapi. Tulikuwa tumekaa mezani mikono mfukoni, tukingoja aanze yeye. Akagonga, kama mchezaji yeyote angefanya.

Jumatatu daktari aliingia wodini bila faili. Akavuta kiti, akaketi, akaomba kopo la nati. Binti alikuwepo, na muuguzi wa sindano, na mimi. Daktari akaweka nati ya kwanza kwenye kimeza. Akasema anakata hapa, akamgusa mzee chini ya goti, goti lenyewe linabaki. Akaweka ya pili. Atapewa mguu wa bandia na kufundishwa kuutumia, na itauma, na itachosha. Akaweka ya tatu. Atarudi nyumbani kwake, si kwa mtu mwingine. Kisha akamwambia na upande wa pili bila kuupaka asali, kwamba akitupa, hatafika mwisho wa mwezi. Akaondoa mkono.

Bwana Kreni alizitazama zile nati. Mkono wake wa kushoto ukainuka, nikajua atagonga. Hakugonga. Alisukuma nati tatu zake zikakaa sawasawa na za daktari. Halafu akachukua nyingine moja, akaishikilia hewani.

"Ongeza," akasema.

Tukatazamana. Daktari alimuuliza anaongeza nini. Mzee hakumjali. Alimshika binti yake mkono, akamwekea ile nati kiganjani, akamfunga vidole juu yake kimoja kimoja, kisha akamwonyesha mlango.

Binti akawa anatikisa kichwa. Ndipo tukapata habari. Tangu kabla ya kiharusi alikuwa amekubaliwa chuo kwenda kusomea kupima macho, mji wa mbali, na baba yake alipoanguka aliiacha nafasi. Hakuwa amemwambia mtu ila baba yake, siku moja alipodhani mzee amelala. Alisema hapana, baba, nani atakuangalia. Mzee akaigonga ngumi ya binti iliyoshika nati, taratibu, akaonyesha mlango tena.

Daktari akamwambia yule binti, "Umeletewa dau. Hapa si pa kugonga."

Nilidhani atatupa. Alikaa na ile ngumi yake kwa muda ambao muuguzi alianza kulia na kumaliza. Kisha akaiweka nati katikati pamoja na zile nyingine.

"Nafuata," akasema.

Walimkata Jumanne. Ameamka, ana hasira za mtu mwenye afya, na asubuhi hii neno lake la kwanza lilikuwa "Gawa". Kaka wa muuguzi wa sindano, ambaye hulea wagonjwa majumbani, atakaa naye. Chuo kimekubali kumngoja binti muhula ujao.

Wodi nzima inajua kwamba ni wewe uliyetuelekeza, na nimewaambia Mfalme wa Kopa atakuja Jumamosi ya wiki ijayo kucheza na Bwana Kreni. Mzee aliposikia jina lako alipanga nati zake upya na kuzifuta kwa shuka. Daktari naye anataka kukaa mezani, anasema ana maswali ya kumuuliza mtaalamu. Usikatae, Mjomba. Nauli ya kurudi nitakulipia mimi, maana huku utanyolewa.

Mpwa wako anayejivunia wewe,
Kidomo


17 Machi

Mpwa wangu,

Nimeisoma barua yako mpaka ikalegea kwenye mikunjo. Nilimsomea na mgawaji mkuu, akaniomba ile sehemu ya binti niirudie, kisha akaniuliza ni lini nitakuambia. Nikajifanya sikumsikia. Akasema, "Wewe uso wako si ukuta. Ni dirisha." Amenivunja mbavu na moyo kwa pamoja.

Jumamosi nitakuja, hilo usitie shaka. Nitavaa shati safi, nitamsalimu mzee, nitambeba mgongoni akitaka kwenda kuona kreni. Daktari nitampigia magoti kama atataka. Lakini mezani usiniweke, au kama utaniweka, niweke kando yako, kama mtu anayejifunza, maana kwa sasa wewe unajua zaidi yangu, na yule muuguzi wa sindano naye anajua zaidi yangu.

Uliponiambia daktari alikuuliza kama unaniamini, na ukasema ndiyo, nilikuwa nimeshika pasi. Nikaisahau juu ya kizibao cha mgawaji mpaka kikaungua umbo la pasi mgongoni. Ndiyo kazi yangu, Kidomo. Napiga pasi vizibao vya wagawaji na kupiga brashi kitambaa cha kijani cha meza, kila siku kabla klabu haijafunguliwa. Maneno yote niliyokufundisha nimeyasikia kupitia ukuta wa chumba cha kufulia. Yaliyosikika vizuri nilikuandikia vizuri. La kugonga nililiona kwa wagawaji wanapokuja kuniletea vizibao, nikalitungia maana, kwa sababu niliona haya kuandika "sijui" kwa mtoto niliyemwambia nimeila dunia. Karibu haya hiyo imzike mzee wa watu, na bado ningekuwa huku natamba na ree zangu tatu.

Mwenye viwanda simjui. Mwenye meli simjui. Mlinzi hanifungulii mlango, maana mimi napita wa nyuma. Simu sipokei kwa sababu mashine za kufulia zinanguruma na ungezisikia.

Bahati niliyokuandikia ni uongo mtupu. Sijawahi kucheza poka hata mara moja. Karata za poka nimeshika zile tu zilizoanguka chini, nikiokota ili nifagie.

Mjomba wako